Makumbusho ya Ujenzi wa Kijadi ya Sanok

Makumbusho ya Ujenzi wa Kijadi ya Sanok (kwa Kipolandi: Muzeum Budownictwa Ludowego w Sanoku) ni makumbusho ya wazi yaliyopo katika mji wa Sanok, kusini-mashariki mwa Poland, karibu na mipaka ya nchi hiyo na Ukraine na Slovakia. Yalianzishwa mwaka 1958. Yana eneo la hekta 38 hivi kwenye ukingo wa kulia wa mto San, nayo ni kati ya makumbusho makubwa zaidi ya aina yake nchini Poland.

Makumbusho haya yanahifadhi nyumba, makanisa, maghala, mazizi, vinu na karakana zilizojengwa kwa mbao kati ya karne ya 17 na karne ya 20. Majengo hayo yalibomolewa kwa uangalifu katika vijiji vyake vya asili, yakasafirishwa na kusimamishwa upya. Sehemu inayojulikana zaidi ni ile ya Waboyko na Walemko, makabila mawili ya Milima ya Karpati ambayo watu wake karibu wote waliondolewa katika upande wa Poland wa milima hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Makumbusho haya yasichanganywe na Makumbusho ya Kihistoria ya Sanok, ambayo yapo ndani ya ngome ya mji huohuo na yanajulikana kwa mkusanyo wake wa picha takatifu za Kikristo cha Mashariki.

## Makumbusho ya wazi

Makumbusho ya wazi ni makumbusho ambayo vitu vyake vikuu ni majengo yenyewe, yakiwa nje pamoja na bustani, visima, nyua na njia zake. La kwanza kujulikana duniani kote ni Skansen, lililofunguliwa na Artur Hazelius mjini Stockholm, Uswidi, mwaka 1891. Kutokana na jina hilo, katika lugha ya Kipolandi kila makumbusho ya namna hii huitwa "skansen", na wakazi wa Sanok huyaita hivyo makumbusho yao.

Katika Afrika ya Mashariki mfano unaofahamika ni Kijiji cha Makumbusho mjini Dar es Salaam, kinachoonyesha nyumba za kijadi za makabila mbalimbali ya Tanzania.

## Makabila yanayoonyeshwa

Eneo la Sanok lilikuwa mahali pa kukutana kwa watu wa lugha na madhehebu tofauti. Makumbusho yamegawanywa kufuatana na makundi hayo:

- Waboyko: wakazi wa milima ya Bieszczady na maeneo ya mashariki yake, ambayo leo yapo Ukraine. Waliishi kwa kilimo cha nafaka na kufuga ng'ombe, hasa maksai.
- Walemko: wakazi wa milima iliyo magharibi mwa nchi ya Waboyko, pande zote mbili za mpaka wa Poland na Slovakia. Walikuwa wakulima na wafugaji, lakini baadhi ya vijiji vyao vilikuwa na kazi maalumu. Kijiji cha Łosie kilijulikana kwa wachuuzi wa grisi ya magurudumu ya mikokoteni, na kijiji cha Bartne kwa mafundi wa kuchonga mawe.
- Wadolinianie: yaani "watu wa mabondeni", walioishi kandokando ya mto San karibu na Sanok, ambako Wapolandi na Waruteni walichanganyika.
- Wapogórzanie: yaani "watu wa chini ya milima", wakulima wa Kipolandi wa nchi ya vilima iliyo kaskazini na magharibi, ambao katika makumbusho wamegawanywa kuwa wa mashariki na wa magharibi.

Waboyko na Walemko husema lahaja za Kislavoni cha Mashariki na kwa desturi ni Wakristo wa mapokeo ya Mashariki, ama Wakatoliki wa Kigiriki ama Waorthodoksi. Pamoja na Wahutsuli, ambao huishi zaidi mashariki nchini Ukraine, ndio makabila makuu matatu ya Waruteni wa milimani. Wengi wao hujihesabu kuwa Waukraine. Wengine, hasa miongoni mwa Walemko, husema wao ni taifa la pekee. Wapogórzanie ni Wakatoliki wa Kilatini.

Mpangilio wa makumbusho unafuata nchi yenyewe. Majengo ya Waboyko na Walemko yamewekwa kwenye miteremko yenye miti, na yale ya watu wa mabondeni na vilimani yamewekwa kwenye ardhi iliyo tambarare zaidi.

## Historia

### Vijiji vilivyobaki vitupu

Tangu mwaka 1772 hadi 1918 nchi hii ilikuwa sehemu ya Galisia, jimbo la Dola la Austria. Baada ya hapo ikawa sehemu ya Poland. Kufikia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waboyko na Walemko walikuwa bado wakiishi katika vijiji vyao vya mbao kama wazee wao.

Mnamo Septemba 1944 serikali mpya ya Kikomunisti ya Poland ilipatana na Ukraine ya Kisovyeti juu ya kubadilishana wakazi. Hadi mwaka 1946 watu wapatao 480,000 waliohesabiwa kuwa Waukraine walihamishwa kutoka Poland kwenda Umoja wa Kisovyeti. Mwanzoni ilisemekana kwamba kuhama ni kwa hiari, lakini baadaye jeshi lilitumika. Wakati huohuo milimani kulikuwa na mapigano kati ya jeshi la Poland na Jeshi la Waasi la Ukraine, na vijiji vingi vilichomwa moto.

Mwaka 1947 serikali ilitekeleza mpango ulioitwa Operesheni Vistula. Watu wapatao 140,000, wakiwemo Walemko wengi, walitolewa makwao na kutawanywa magharibi na kaskazini mwa Poland, katika ardhi zilizokuwa za Ujerumani kabla ya vita. Familia zilipewa saa chache tu za kufungasha. Kusudi lilikuwa kuwatawanya ili wasiishi tena pamoja kama jumuiya.

Miongoni mwa waliohamishwa alikuwa Nikifor (1895–1968), mchoraji wa Kilemko kutoka mji wa Krynica, aliyejulikana kwa picha ndogo za rangi za maji zenye makanisa na stesheni za reli. Yeye alirudi kwa miguu, akakamatwa, na hatimaye akafaulu kukaa Krynica hadi karibu na kifo chake.

Mwaka 1951 Poland na Umoja wa Kisovyeti zilibadilishana vipande vya ardhi. Poland ilipata eneo la Ustrzyki Dolne, Czarna na Lutowiska, na wakazi wake Waboyko walipelekwa kusini na mashariki mwa Ukraine, katika nchi ya nyika isiyo na milima wala misitu.

Nyumba ya mbao isiyo na mtu haidumu. Paa la mabua likivuja, maji huingia katika magogo na kuyaozesha katika miaka michache. Nyumba nyingine zilibomolewa zikawa kuni au mbao za kujengea mahali pengine. Makanisa yaliyoachwa yaligeuzwa maghala au mazizi, au yaliachwa tu mpaka yakaanguka. Katika mabonde mengi ya Bieszczady kilichobaki ni makaburi, misingi ya mawe, na miti ya matunda inayoonyesha mahali palipokuwa na ua wa nyumba.

### Kuanzishwa kwa makumbusho

Makumbusho yalianzishwa mwaka 1958, miaka kumi na moja tu baada ya Operesheni Vistula. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Aleksander Rybicki, mmojawapo wa waanzilishi. Kazi yake na ya wenzake ilikuwa kutembelea vijiji, kuchagua majengo yaliyofaa kuhifadhiwa na kuyahamisha kabla hayajaharibika. Mara nyingi hapakuwa na mwenyeji wa kuulizwa jengo lilitumikaje.

### Moto wa mwaka 1994

Mwaka 1994 moto ulizuka katika makumbusho na kuteketeza majengo 13. Hasara hiyo ilionyesha hatari kubwa inayoyakabili makumbusho ya namna hii: majengo makavu ya mbao yenye mapaa ya mabua, ambayo zamani yalikuwa yametawanyika katika vijiji mbalimbali, sasa yamekusanywa mahali pamoja.

## Namna ya kuhamisha jengo

Nyumba iliyojengwa kwa magogo yaliyopangwa moja juu ya jingine inaweza kufunguliwa na kuunganishwa tena, kwa kuwa haishikwi na saruji, na misumari yake ni michache. Kazi hufuata hatua hizi:

1. Jengo hupimwa, huchorwa ramani na kupigwa picha ndani na nje.
2. Kila gogo, mhimili na ubao hupewa namba.
3. Jengo hufunguliwa kuanzia paa kushuka hadi msingi.
4. Vipande husafirishwa, husafishwa na kutiwa dawa dhidi ya wadudu na kuvu.
5. Sehemu zilizooza hukatwa na kuzibwa kwa mbao mpya za mti wa aina ileile. Magogo ya chini kabisa, yanayolala juu ya mawe, ndiyo yanayohitaji kubadilishwa mara kwa mara kwa sababu hupata unyevu wa ardhi.
6. Jengo husimamishwa tena, na paa huezekwa upya kwa mabua au vigae vya mbao.

Kwa hiyo jengo la makumbusho ni la kale, lakini si kila kipande chake ni cha kale. Jambo hili si geni kwa wajenzi wa milimani wenyewe, kwani nao walibadilisha mapaa na magogo ya chini kila yalipochakaa.

## Ujenzi wa mbao milimani

### Vifaa na ufundi

Misitu ya Karpati ina misonobari ya aina mbalimbali, na miti hiyo mirefu iliyonyooka ndiyo iliyotumika zaidi. Magogo yalichongwa kwa shoka au kupasuliwa katikati, kisha yakalazwa moja juu ya jingine. Kwenye pembe za nyumba yalikatwa mapengo ili gogo la ukuta mmoja likalie na kubana lile la ukuta wa pili, na ncha zake mara nyingi ziliachwa zitokeze nje. Uzito wa magogo yenyewe ndio ulioshikamanisha ukuta. Nafasi kati ya magogo zilizibwa kwa mimea laini inayoota juu ya mawe msituni, au kwa udongo, ili upepo usipite.

Paa lilikuwa refu na lenye mteremko mkali, mara nyingi kimo chake kikizidi mara mbili kile cha kuta. Mteremko huo uliangusha theluji na kutiririsha mvua haraka. Nafasi kubwa ya darini ilitumika kuhifadhi nyasi kavu za mifugo. Nyumba ziliezekwa kwa mafungu ya mabua ya nafaka, na makanisa kwa vigae vidogo vya mbao vilivyopasuliwa.

### Nyumba ya Waboyko

Nyumba ya Waboyko ilikuwa ndefu na ilikusanya kila kitu chini ya paa moja: chumba cha kuishi, ushoroba, sakafu ya kupuria nafaka na zizi la mifugo. Katika majira ya baridi, theluji ilipokuwa nyingi, mtu aliweza kulisha ng'ombe na kupura nafaka bila kutoka nje kwenda mbali, na joto la wanyama lilisaidia nyumba. Katika makumbusho mfano wake ni nyumba kutoka kijiji cha Skorodne, ya mwaka 1861.

Nyumba za zamani hazikuwa na bomba la moshi. Moshi wa tanuri ulijaa sehemu ya juu ya chumba, kisha ukatoka kwa mlango au kwa tundu la dari na kupenya kwenye mabua ya paa. Kuta za ndani zikawa nyeusi tii kwa masizi. Desturi hii ilidhuru macho na mapafu ya wakazi, lakini ilikuwa na faida zake: moshi ulikausha paa, ulifukuza wadudu walao mbao na kuhifadhi nafaka iliyowekwa juu. Nyumba kama hizo ziliendelea kukaliwa hadi karne ya 20.

### Nyumba ya Walemko

Nyumba ya Walemko pia ilikuwa ndefu na yenye watu na mifugo chini ya paa moja, lakini inatambulika kwa mapambo yake. Kuta za magogo zilipakwa rangi ya kahawia iliyokoza, na mistari kati ya magogo ikapakwa chokaa nyeupe, hivyo ukuta wote ulionekana una milia. Juu ya milango, hasa ya ghala la nafaka, zilichorwa nukta, maua ya duara na mti wa uzima kwa chokaa na udongo wa rangi. Mapambo hayo yalifanywa na wenye nyumba wenyewe, bila fundi wa kuajiriwa.

## Makanisa

Jengo kubwa na la thamani kuliko yote katika kijiji cha milimani lilikuwa kanisa. Kanisa la Wakristo wa Mashariki katika Karpati kwa kawaida lina sehemu tatu zinazofuatana kutoka magharibi hadi mashariki: ukumbi wa kuingilia, ambao zamani ulikuwa mahali pa wanawake, ukumbi wa kati, mahali pa wanaume, na patakatifu penye altare. Patakatifu hutenganishwa na waamini kwa ukuta wa picha takatifu uitwao ikonostasi. Makanisa mengi yamezungukwa na upenu mpana juu ya nguzo, uliokinga kuta dhidi ya mvua na kuwapa kivuli watu waliotoka mbali.

Katika makumbusho ya Sanok yapo makanisa haya:

- Kanisa la Grąziowa (1731), la Waboyko, lenye sehemu tatu na kimbele chenye roshani juu ya ukumbi wa kuingilia.
- Kanisa la Rosolin (1750), la Waboyko pia, lakini dogo na la hali ya chini zaidi. Rosolin ni katika eneo lililobadilishwa mwaka 1951.
- Kanisa la Ropki (1801), la Walemko. Lina umbo linalopendwa magharibi mwa nchi yao: mnara mrefu upande wa magharibi, kisha paa hushuka hatua kwa hatua kuelekea patakatifu, na juu yake mna vikuba vidogo vyenye umbo la kitunguu.
- Kanisa la Bączal Dolny (1667), la Wakatoliki wa Kilatini, kutoka nchi ya Wapogórzanie. Kwa umri linayatangulia yale matatu, nalo linaonyesha jinsi mafundi wa mbao walivyofuata mtindo wa Kigothi wa makanisa ya mawe.

Kwa kuyaona makanisa haya katika matembezi ya siku moja, mgeni hutambua kwamba tofauti ya madhehebu ilionekana katika umbo la jengo, ilhali shoka, magogo na namna ya kuunganisha pembe vilikuwa vilevile kwa wote.

## Sehemu nyingine

Pamoja na nyumba na makanisa kuna shule ya kijiji, vinu vya maji na vya upepo, karakana za wahunzi na mizinga ya nyuki. Sehemu moja inahusu uchimbaji wa mafuta ya petroli, kwani eneo hili ni miongoni mwa vitovu vya kwanza vya kazi hiyo duniani: huko Bóbrka, karibu na mji wa Krosno, Ignacy Łukasiewicz na wenzake walianzisha machimbo ya mafuta mwaka 1854.

Mwaka 2011 ulifunguliwa Uwanja wa Soko wa Kigalisia, mfano wa mji mdogo wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Una duka la dawa, posta, kinyozi, fundi wa saa, mwoka mikate na baa, nao unakumbusha kwamba katika miji hiyo Wapolandi, Wayahudi na Waruteni waliishi jirani. Wayahudi wa Galisia karibu wote waliuawa na Wanazi wakati wa vita. Baadaye liliongezwa sinagogi la mbao, ambalo ni nakala ya lile la mji wa Połaniec lililoharibiwa wakati wa vita.

Tofauti na sehemu za vijiji, majengo mengi ya uwanja huo si ya kale bali yamejengwa upya kwa kufuata vielelezo vya zamani.

## Makumbusho na majengo yaliyobaki mahali pake

Si majengo yote ya Waboyko na Walemko yaliyohamishwa. Makanisa kadhaa yalinusurika katika vijiji vyake, mara nyingi kwa sababu yalipewa parokia za Kikatoliki za Kilatini, ambazo ziliendelea kuyatumia na kuyatengeneza. Mwaka 2013 UNESCO iliandikisha makanisa 16 ya mbao ya Karpati katika orodha ya Urithi wa Dunia, manane Poland na manane Ukraine. Miongoni mwa yale ya Poland ni kanisa la Waboyko la Smolnik (1791) na kanisa la Walemko la Kwiatoń.

Nchini Ukraine nyumba na makanisa ya Waboyko, Walemko na Wahutsuli yanaonyeshwa katika makumbusho ya wazi ya Lviv, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Jengo lake mashuhuri ni kanisa la Kiboyko kutoka Kryvka, lililojengwa mwaka 1763 na kuhamishiwa Lviv mwaka 1930, kwa msaada wa Askofu Mkuu Andrey Sheptytsky.

Njia zote mbili zina faida na upungufu. Jengo lililohamishwa huokolewa, lakini hutengwa na makaburi, mashamba na kijito chake. Jengo lililobaki kijijini lina mazingira yake, lakini hudumu iwapo tu kuna watu wa kulitumia. Katika vijiji ambavyo wakazi wake waliondolewa, mara nyingi hapakuwa na uchaguzi kati ya njia hizo: lisilohamishwa lilipotea.

## Umuhimu

Kwa wanafunzi wa ujenzi na historia, makumbusho ya Sanok ni mahali ambapo ufundi wa magogo wa Karpati unaweza kutazamwa kwa karibu, kuanzia kizingiti hadi darini. Kwa wazao wa Waboyko na Walemko, ambao leo wametawanyika magharibi mwa Poland, Ukraine, Marekani na Kanada, ni mojawapo ya mahali pachache wanapoweza kuingia katika nyumba ya aina ile waliyozaliwa babu na bibi zao.